Mita 15.5 kuanzia wapi?

Bandari ikizinduliwa, namba moja ndiyo hubaki vichwani mwa watu: kina kimefika mita kadhaa. Gazeti litaiandika, redio itaisoma, na kesho yake dereva wa lori pale Kurasini atakutajia bila kukosea. Mtu wa baharini akiisikia namba hiyo huuliza mambo matatu. Mita hizo zimehesabiwa kuanzia usawa gani wa maji? Zimepimwa lini? Na ni za wapi, mkondoni meli inakopita au gatini inakofungwa?

Nachukua Dar es Salaam kama mfano. Mradi wa kuboresha bandari hiyo ulipata mkopo wa dola milioni 345 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2017. Gati namba 1 hadi 7 zikaimarishwa na kuchimbwa hadi mita 14.5, kisha lango la kuingilia na sehemu ya kugeuzia meli vikapangiwa mita 15.5. Namba mbili tofauti kwenye bandari moja. Wengi hudhani ni kosa la uchapaji, kumbe tofauti hiyo ya mita moja ndiyo kiini cha kazi yenyewe.

Tuanze na sifuri. Ramani za bahari hazihesabu kina kutoka maji yaliyojaa, wala kutoka usawa wa katikati. Zinahesabu kutoka usawa wa chini kabisa, au karibu yake, pale maji yanapofikia yakipwa siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Kwa hiyo 15.5 ya kwenye ramani ni maji ya saa mbaya, na maji yakijaa unaongeza juu yake. Pwani yetu imejaliwa hapa: siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa pale Dar es Salaam inazidi mita 3, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, inashuka hadi kama mita moja.

Kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua kuliko wapangaji wengi wa ofisini. Pwani hii bamvua ina saa zake. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Maji mafu huwa kinyume: kujaa ni karibu saa nne, na kujaa kwenyewe ni kwa chini karibu mita nzima ukilinganisha na bamvua. Meli nzito inayotegemea maji ya kujaa, na ambayo rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, hairuhusu kuingia gizani, ina nafasi moja tu kwa siku, ile ya alasiri. Ikifika wakati wa maji mafu inaweza kutia nanga nje siku kadhaa ikingoja mwezi. Na meli ikingoja, kodi yake inahesabika kila siku, na mwisho wake inaingia kwenye bei ya saruji Kigoma na ya ngano Lubumbashi.

Sasa chukua meli ya makasha yenye upana wa mita 40, ambayo tumbo lake liko mita 14 chini ya uso wa maji. Mkondo una 15.5. Kwa hesabu ya haraka imebaki mita moja na nusu, nafasi tele. Lakini meli inayotembea haikai kama meli iliyosimama. Maji yanayobanwa kati ya tumbo la meli na sakafu ya bahari hukimbia, nguvu yake ya kuinua hupungua, na meli hushuka. Kushuka huko kunaongezeka kwa mraba wa kasi. Kwa meli ya umbo hilo kwenye mkondo mwembamba, maili za bahari 6 kwa saa zinaishusha karibu sentimita 47, maili 8 sentimita 83, na maili 10 ni mita 1.3. Nyuzi moja tu ya kuinama, labda kwa sababu ya upepo wa kusi au kukata kona, inashusha ubavu mmoja sentimita 35. Weka sentimita 20 za kosa la vipimo, na nusu mita ambayo hupaswi kuigusa kamwe kati ya mkuku, uti wa chini wa meli, na sakafu, au mita nzima kama sakafu ni mwamba. Jumlisha kwa maili 8: inahitajika mita 15.88. Meli ile ya "nafasi tele" haipiti maji yakipwa kabisa. Inangoja yapande angalau sentimita 40. Rubani akiongeza kasi hadi maili 10 ili aushinde upepo, hesabu inafika 16.35.

Ndiyo maana lango lina 15.5 na gati lina 14.5. Meli iliyofungwa haishuki kwa mwendo, kwa hiyo inahitaji nafasi ndogo chini yake. Lakini gati lina shida yake: meli itakaa pale maji yajae na yapwe mara kadhaa kabla ya kuondoka, hivyo hakuna maji ya kujaa ya kuazima. Mfereji ulio mbele ya gati lazima utoshe kwenye saa mbaya kuliko zote. Ile meli ya mita 14, kwenye gati la mita 14.5, ina nusu mita tu. Tope likijikusanya sentimita 50, inakalia chini.

Kwa nini watu wanagombania sentimita? Meli ya mita 300 kwa 40, ukitoa pembe za omo (mbele) na tezi (nyuma), inakata maji kwa eneo la kama mita za mraba 9,600. Kila sentimita 10 za kuzama ni karibu tani 980. Ukichukua wastani wa tani 14 kwa kasha la futi 20 lenye mzigo, hayo ni makasha 70. Kwa meli ya ngano ya mita 225 kwa 32, sentimita 10 ni kama tani 660, yaani malori 22 ya tani 30. Mwenye meli akipewa kina kidogo kuliko alichoahidiwa, mzigo huo anauacha bandari ya nyuma, na nauli ya nafasi tupu anamtoza mwenye shehena.

Kabla ya mashine kufika

Fedha nyingi za uchimbaji hupotea kabla ya koleo la kwanza, kwenye uchunguzi wa ardhi uliofanywa kwa haraka. Sakafu ya bahari ya pwani yetu ina tabia yake. Chini ya mchanga na tope la hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kuna mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo hauko sawasawa. Utatoboa hapa upate mita 8 za mchanga, utasogea mita 30 ukute mwamba kwa mita 2. Ukitoboa kila baada ya mita 200 ili kuokoa fedha, unachora ramani ya kukisia. Mkandarasi ataleta mashine ya mchanga, atakutana na mwamba, atasimama, na kuanzia hapo kila siku ya kusimama ni yako kulipa, kwa sababu mkataba wowote ulioandikwa vizuri unamlinda dhidi ya ardhi ambayo hakuonyeshwa. Matundu ya kila mita 50 hadi 100, pamoja na kupima tabaka kwa mawimbi ya sauti kati ya tundu na tundu, ni gharama ndogo sana ukiiweka kando ya madai ya namna hiyo.

Ujazo nao hudanganya. Mkondo wa kilomita 2 wenye upana wa mita 150, ukiuongeza mita moja tu, ni mita za ujazo 300,000. Lakini hakuna mashine inayokata kama kisu kwenye siagi. Mikataba huruhusu kuchimba zaidi kwa sentimita 30 hadi 50 ili kuhakikisha hakuna kilele kilichobaki. Sentimita 30 hapa ni mita za ujazo 90,000 nyingine. Kuna na kingo. Mchanga uliolegea chini ya maji hausimami wima. Unahitaji mteremko wa mita 5 hadi 7 kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kushuka, na tope laini linataka 10 au zaidi. Ukichora kingo kali ili kupunguza hesabu, bahari itazilaza yenyewe, na udongo utaishia katikati ya mkondo uliokwisha kulipiwa.

Kila ardhi na mashine yake. Kwa mchanga na tope la mkondoni hutumika meli ya kufyonza yenye tumbo: inashusha bomba ubavuni, kichwa chake kinaburuzwa chini huku meli ikitembea polepole, pampu inavuta mchanganyiko wa maji na udongo, udongo unatuama tumboni na maji yanamwagika. Ikijaa inakwenda kumwaga kwa kufungua milango ya chini. Uzuri wake haizuii meli nyingine kupita, na hili ni kubwa kwa lango jembamba kama la Dar es Salaam ambalo vivuko vya Magogoni na Kigamboni vinalikata mchana na usiku. Udhaifu wake ni safari. Meli ya tumbo la mita za ujazo 5,000, ikijaa kwa saa moja na nusu na kumwaga umbali wa maili 10 za bahari kwa mwendo wa maili 12 kwa saa, inafanya safari 7 kwa siku. Hamisha sehemu ya kumwaga iwe maili 20, zinabaki chini ya 5. Theluthi ya kazi ya kila siku imekwenda kwa mstari mmoja uliobadilishwa kwenye kibali. Ndiyo maana mahali pa kumwaga panapaswa kuamuliwa kabla ya zabuni kufunguliwa, tena na watu wa mazingira wakiwa mezani.

Kwenye tope laini kuna kosa jingine linalorudiwa. Mchanga hutuama tumboni haraka, kwa hiyo kuendelea kufyonza huku maji yakimwagika kunaongeza mzigo. Tope halitui. Ukiendelea kufyonza baada ya tumbo kujaa, kinachoingia ni tope na kinachotoka ni tope lilelile. Unachafua maji na kuchoma mafuta bure.

Mwamba unataka mashine ya kukata, inayosimama juu ya nguzo zake na kuzungusha kichwa chenye meno ya chuma huku ikiyumba kulia na kushoto kwa nyaya za nanga. Kwenye matumbawe magumu meno hayo huisha kwa saa chache, na kila kubadilisha ni kusimama. Mashine hii haipendi mawimbi: mawimbi marefu ya kama mita moja yanatosha kuisimamisha, maana nguzo zinaweza kupinda. Anayepanga kukata mwamba nje ya lango kati ya Juni na Agosti, kusi likiwa kali, anapanga hasara. Kazi ya nje ifanywe kaskazi ikitulia na majira ya matlai, upepo wa mashariki, ya ndani ya bandari iachiwe kusi.

Kilele kimoja kilichoachwa kinatawala mkondo mzima. Ukiwa na mita 15.5 kila mahali na jiwe moja la ukubwa wa chumba lenye mita 14.8, mkondo wako ni wa mita 14.8. Kwa hiyo baada ya kukata mwamba, hata kama vipimo vya sauti vinaonyesha pako sawa, hufaa kuburuza nondo nzito iliyoning'inizwa kwa kina kinachotakiwa. Ikigonga, imegonga.

Ukuta wa gati

Kuchimba mbele ya gati la zamani ni kazi ya hatari kuliko ya mkondoni. Gati za kwanza za kina pale Dar es Salaam ni za miaka ya 1950, zilizopangiwa meli za wakati ule. Ukuta wa gati unasukumwa na udongo wa nyuma pamoja na uzito wa kreni na makasha, na unazuiwa kwa sehemu na udongo ulioko mbele ya mguu wake. Ukiuondoa huo wa mbele kwa mita 4 au 5, umeuondolea ukuta kizuizi. Hivyo ukuta mpya wa mabati mazito au nguzo za chuma unapigwa kwanza hadi chini zaidi, unafungwa kwa vyuma vinavyouvuta kwa nyuma, na ndipo mchanga wa mbele unatolewa, kwa mkono wa ekskaveta iliyokaa juu ya tishari, chombo bapa cha kubebea mzigo, badala ya pampu, ili ukuta usiguswe. Kwa kuwa bandari haiwezi kufungwa, gati huchukuliwa moja baada ya jingine, na hapo ndipo miaka inapokwenda.

Ukishamaliza, adui wawili wanabaki. Mapangaboi ya meli kubwa na ya tagi, zile meli ndogo za kuvuta, hupuliza maji kwa nguvu miguuni mwa ukuta na kuchimba mashimo. Sakafu pale inahitaji mawe makubwa au mikeka ya zege. Na kutu. Chuma hakiliwi sawa kote: sehemu inayooza haraka ni ule ukanda ulio karibu na maji yakipwa, ambako vijidudu huharakisha kutu hadi kuzidi nusu milimita kwa mwaka. Fundi anayekagua juu tu, maji yakiwa yamejaa, hataiona. Akague saa nne asubuhi ya bamvua.

Tanga inastahili kutajwa. Kabla ya maboresho, meli zilitia nanga zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukavutwa, ukapandishwa tena. Kila mfuko ulibebwa mara mbili. Gati mbili zenye jumla ya mita 450 zikachimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na tishari likaondoka katikati ya meli na lori. Hapo faida ya kuchimba haihitaji mchumi wa kuieleza.

Udongo unakwenda wapi

Ni hapa miradi mingi inapokosea watu. Kenya, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa kuharibiwa mazingira yao ya kuvulia na ujenzi wa bandari. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Naona uamuzi ule ni wa haki, na naona pia ungeweza kuepukwa. Kinachohitajika ni hesabu ya samaki wanaoshushwa kila diko, pale wavuvi wanapopandia pwani, kwa mwaka mzima kabla ya kuchimba, kusi na kaskazi, ikiandikwa pamoja na wavuvi wenyewe. Bila hesabu hiyo kila upande unakisia, na anayekosa ni mwenye mtumbwi.

Tope linalotoka tumboni au kwenye kichwa cha kukata linaelea na kwenda na maji. Nje ya Tanzania mkondo wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo anayemwaga karibu na lango la Dar es Salaam anapaswa kujua kuwa Bongoyo na Mbudya ziko upande linakokwenda. Matumbawe yakifunikwa na tope hayapati mwanga. Mapazia ya kuzuia tope hupendwa sana kwenye ripoti, lakini maji yakizidi mwendo wa nusu mita kwa sekunde pazia huinuka na tope hupita chini yake. Kinachosaidia kweli ni kupima uchafu wa maji kila siku karibu na matumbawe, na kuwa na kikomo kilichoandikwa mkatabani ambacho kikifikiwa mashine inasimama.

Na kuchimba hakuishi. Mito ya Kizinga na Mzinga inaingia kwenye hori la bandari ya Dar es Salaam, na kila masika inaleta udongo wa mashamba, wa viwanja na wa kingo zilizochimbwa mchanga wa kujengea. Mombasa ina Mwache, unaomwaga tope lake Port Reitz. Mikoko hulikamata sehemu ya tope hilo. Ukiikata, linasogea hadi gatini. Ninachokishikilia ni hiki: bajeti ya kutunza kina iandikwe siku ileile ya mkopo wa kuchimba. Kuileta mashine kutoka Ulaya au Asia ni gharama kubwa hata ikichimba wiki moja, kwa hiyo Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, zote zikiwa chini ya mamlaka moja, zisafishwe kwa safari moja ya mashine. Na mkandarasi alipwe kwa tofauti ya vipimo vya sakafu kabla na baada. Ukimlipa kwa ujazo wa tumbo la meli yake, unanunua maji, maana udongo uliochotwa huvimba.

Yote yanarudi kwenye kupima. Kipima kina hutuma sauti chini na kuhesabu muda wa kurudi. Kikiachwa na mpangilio wa mita 1,500 kwa sekunde, wakati bahari yetu ya joto na chumvi inapitisha sauti kwa karibu 1,540, kitaiandika mita 15.5 kama 15.1. Sentimita 40, makasha 280. Kosa la kinyume ni baya zaidi: baada ya mvua kubwa maji ya mito yasiyo na chumvi hukaa juu ya yale ya chumvi, sauti hupita polepole kuliko mashine ilivyoambiwa, na kina husomeka kikubwa kuliko kilivyo. Mwendo wa sauti upimwe kila asubuhi, na tena baada ya mvua.

Kisha kuna tope laini kama uji. Sauti nyembamba hugonga juu yake na kurudi. Sauti nzito hupenya hadi sakafu ngumu. Kwenye karatasi inatoka mistari miwili, pengine yenye nusu mita kati yake. Ipi ni kina? Rotterdam walikubaliana kuhesabu pale tope linapofika uzito wa tani 1.2 kwa mita ya ujazo; tope jepesi lililo juu ya usawa huo meli inaweza kulipita. Bandari isiyo na kipimo hicho cha uzito itumie mstari wa juu. Na isiidharau bildi, ule uzito unaoshushwa kwa uzi kupima kina. Manahodha wa majahazi walipaka mafuta kitakoni mwake ili irudi na chembe za sakafu. Leo pia, ukiishusha palipo na mistari miwili, uzi utakuonyesha kama imesimama au inazama, na kinachoganda chini yake kitakuonyesha kama ni tope la mto au mchanga wa bahari. Matokeo yaandikwe kwenye ramani ya rubani pamoja na tarehe ya kipimo, kwa herufi kubwa sawa na namba ya kina.